Maswali ya Wasomaji: Barua za Babu kutoka Vitani

SWALI: Ndugu Mhariri, bibi yetu alifariki mwaka jana, na katika sanduku lake la bati tumekuta barua 23 ambazo babu alimwandikia alipokuwa askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari Waafrika), kati ya mwaka 1942 na 1945. Zote ni za Kiswahili, ilhali wao wenyewe walizungumza Kinyamwezi. Nilitarajia habari za vita na maneno ya mapenzi, lakini karibu kila barua inaanza kwa salamu zilezile, haisemi yuko wapi, kisha inauliza habari za ng'ombe na za fedha za bomani; ile ya Septemba 1944 inauliza tu kama mvua zimeanza nyumbani. Barua za mwanzo zina mwandiko mzuri sana. Kuanzia mwaka 1944 mwandiko unaharibika, nasi tunahofia kwamba alijeruhiwa mkono. Moja imekatwa kwa wembe katikati. Je, babu hakuwa na la kumwambia mkewe? Na baba mdogo anataka tuzifanyie leminesheni zisiharibike, je, tumruhusu? — Mjukuu, Tabora.

JIBU: Ndugu yetu wa Tabora, pole kwa msiba wa bibi. Nianze na mwandiko, kwa kuwa ndipo hofu yenu ilipo, na kwa maoni yangu ndipo ilipo furaha yenu pia. Askari wengi walioandikishwa Tanganyika katika Vita vya Pili vya Dunia waliingia jeshini bila kujua kusoma wala kuandika, na aliyetaka kupeleka habari nyumbani alimtafuta karani, au mwenzake aliyesoma misheni, akaketi kando yake na kumtajia maneno. Katika vita hivyohivyo jeshi la Afrika Mashariki liliunda kikosi chake cha elimu, na askari wakafundishwa kusoma na kuandika wakiwa kambini. Kwa hiyo mwandiko mzuri wa mwaka 1942 yaelekea ni wa mtu mwingine, na huo mnaouona umeharibika ndio mkono wa babu yenu mwenyewe, mkono wa mtu mzima anayejifunza herufi ili asihitaji tena kumtajia mwenzake maneno ya kumwambia mkewe. Tafuteni hati yoyote aliyoiandika au kuitia saini baada ya vita, muilinganishe na barua hizo herufi kwa herufi. Angalieni pia kama lugha yenyewe imebadilika pamoja na mwandiko: anayeandika kwa mkono wake mara nyingi huziacha sentensi ndefu za karani, akaandika kama anavyosema, na neno la Kinyamwezi likamponyoka hapa na pale.

Hilo linatufikisha kwenye swali lenu kubwa. Barua ya askari haikuwa siri ya watu wawili. Kwanza aliisikia karani, kisha ofisa aliisoma kabla haijafungwa, na ilipofika kijijini mara nyingi alitafutwa mwalimu au mtoto wa shule aisome kwa sauti, mama mkwe na majirani wakiwa wameketi hapohapo. Kiswahili kilikuwa lugha ya amri katika vikosi vingi vya Keya, na barua ya Kiswahili iliweza kupita katika mikono hiyo yote kwa urahisi. Lakini haikuwa lugha ambayo babu na bibi walinong'onezana. Ni mume gani, wa zama zile hasa, ambaye angemweleza mkewe yaliyo moyoni mwake mbele ya hadhira ya namna hiyo, tena kwa lugha ya kazini? Alitumia salamu ambazo vizazi vya waandishi wa barua wamezitumia, kwamba yeye ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yake yeye aliye mbali na upeo wa macho yake. Nawasihi msizidharau salamu hizo kwa kuwa zinajirudia. Kwa mke aliyekuwa akingoja, habari ilikuwa katika neno moja tu, kwamba mumewe ni mzima, na tarehe iliyo juu ya karatasi ilimwambia alikuwa mzima hadi siku gani.

Askari hawakuruhusiwa kutaja mahali walipo, jina la meli wala kikosi wanachokwenda kukisaidia, na wembe mliouona ulikuwa wa mkaguzi wa barua. Msijaribu kuziba tundu hilo. Hata hivyo, tarehe zinaweza kuwapa mwanga kidogo. Vikosi vya Keya vilipigana Ethiopia mwaka 1941 na Madagascar mwaka 1942. Mwaka 1943 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipelekwa Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, na katika nusu ya pili ya mwaka 1944 iliingia Burma, ambayo leo ni Myanmar, ikawafuata Wajapani katika bonde la Kabaw wakati wa mvua za masika ya kule, njia zikiwa tope tupu na malaria ikiangusha watu kila siku, mpaka ikafika Kalewa kwenye mto Chindwin mwezi Desemba. Kama babu alikuwa katika divisheni hiyo, basi barua yake ya Septemba 1944 inayouliza tu kama mvua zimeanza nyumbani imeandikwa na mtu aliyekuwa akilowa mchana na usiku. Kagueni bahasha: nambari ya posta ya jeshi iliyo kwenye muhuri inaweza kuonyesha alikokuwa, na nambari yake ya uaskari, kama imeandikwa, ndiyo itakayowasaidia mkienda kuuliza Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam.

Ama habari za ng'ombe na fedha, hapo mimi husoma polepole kuliko mahali pengine popote. Askari aliweza kuagiza sehemu ya mshahara wake ilipwe kwa mkewe, naye akaipokea bomani kwa Bwana Shauri, yaani ofisa wa serikali ya kikoloni wilayani. Anapouliza mara tatu kama fedha zimefika na kama bibi alizipokea kwa mkono wake mwenyewe, anataka kujua kama mkewe anakula, na kama ndugu zake hawajamdhulumu. Ng'ombe naye alikuwa mali yao wawili, jambo ambalo angeweza kulitaja mbele ya ofisa na mbele ya mama mkwe bila mtu kulishangaa.

Leminesheni, hapana kabisa. Moto na gundi yake huingia katika karatasi na haviondoki tena. Mwambieni baba mdogo kwa heshima kwamba nia yake ni njema, lakini karatasi zilizodumu miaka zaidi ya 80 katika giza la sanduku hazihitaji plastiki. Ondoeni pini za chuma kabla kutu haijala zaidi, msitumie selotepu, msibandue stempu. Pigeni picha kila ukurasa, mbele na nyuma, pamoja na bahasha yake, kisha wekeni kila barua katika bahasha safi ya karatasi, mkiiandika nambari kwa penseli. Kuzisambaza kwenye simu za watu ni jambo la kuamuliwa na watoto wote wa bibi, si na mjukuu mmoja mwenye simu nzuri.

Na kabla ya hayo yote, kama yupo mdogo wake bibi aliye hai, nendeni mkamsomee barua hizo kwa Kinyamwezi, moja moja, bila haraka. Mwulizeni ni nani aliyekuwa akimsomea bibi, na bibi alikuwa akiagiza aandikiwe nini, kwa maana majibu yake hayamo sandukuni. Yalimfuata babu vitani.