Bendi ya metali, tyuni ya Drop C: ninunue pikapu ipi?

Swali: Fundi, habari za kazi. Napiga gitaa la ridhimu kwenye bendi ya metali hapa Nairobi. Gitaa langu ni la bei nafuu, lina pikapu mbili (vifaa vinavyogeuza mtetemo wa nyuzi kuwa umeme) za aina ya humbaka, yaani zenye koili mbili, zilizokuja nalo, urefu wa uzi ni inchi 25.5, na natumia nyuzi za unene wa 9-42 (kwa elfu za inchi). Tumeshusha tyuni hadi Drop C, yaani uzi mnene kabisa unatoa noti ya C. Nikiwasha distosheni (ile sauti ya kukwaruza ya metali) sauti inavurugika, noti za chini hazitofautiani, na nikisogea karibu na amplifaya gitaa linapiga mluzi. Mwenzangu mmoja anasema ninunue pikapu ya EMG 81, mwingine anasema nitafute pikapu yenye kiloomu nyingi kuliko zote. Nimfuate nani?

Jibu: Njema, ndugu yangu. Kabla ya pikapu, badilisha nyuzi. Uzi wa 42 ukishushwa hadi C kwenye gitaa lako unalegea mno, unayumba kila ukiupiga, na pikapu itapeleka kuyumba huko kwenye amplifaya kama ilivyokupokea. Weka seti ya 11-54 au inayokaribiana nayo, kisha mpe fundi arekebishe shingo na daraja. Baada ya hapo punguza geini (kiasi amplifaya inavyokuza umeme wa gitaa) kwa theluthi moja na usikilize upya. Gitaa nyingi ninazoletewa kwa ajili ya kubadilishwa pikapu hupata nusu ya dawa hapo.

Kuhusu kiloomu, hapo mwenzako amekosea. Namba unayosoma kwa mita ni ukinzani wa waya wa koili, basi. Waya ukiwa mwembamba zaidi, ukinzani huongezeka hata mizunguko ikibaki ileile. Pikapu ya Super Distortion ya DiMarzio, iliyotoka 1972, husoma karibu kiloomu 13.7. JB ya Seymour Duncan husoma karibu 16.4. Kwa hesabu hiyo JB ingeiacha mwenzake mbali, lakini waya wake ni mwembamba zaidi na sumaku yake ni ya alniko 5, wakati Super Distortion inatumia seramiki. Zichomeke kwenye amplifaya moja na hutasikia pengo ambalo namba zinadai.

Kuna jambo kubwa zaidi. Mizunguko ya waya ikiongezeka kweli, umeme unaotoka huongezeka, lakini sauti za juu hupungua na za kati hunenepa. Sauti za juu ndizo zinazokufanya usikie piki ikigonga uzi, na bila mlio huo ridhimu ya Drop C inakuwa ngurumo isiyo na mwanzo wala mwisho. Mtu mwenye tyuni ya chini anahitaji pikapu yenye besi iliyobana, si yenye nguvu kuliko zote. Amplifaya yako ina geini ya kutosha na ya kubaki. Tony Iommi wa Black Sabbath aliweka msingi wa muziki huu mwaka 1970 akitumia pikapu za koili moja za aina ya P-90, ambazo leo zingeitwa dhaifu.

EMG 81 ni pikapu nzuri sana, na James Hetfield wa Metallica ameipa jina kubwa. Koili zake zina mizunguko michache, halafu kuna kikuza sauti kidogo ndani kinachotumia betri ya volti 9. Ndiyo maana kelele yake ni ndogo na kebo ndefu haili sauti za juu. Lakini jua unachoingia: unahitaji nafasi ya betri, vifundo vya kurekebisha sauti vya kiloomu 25 badala ya 500, na jeki ya stereo inayokata umeme ukichomoa kebo. Ukisahau kuchomoa, betri inaendelea kuliwa. Tena EMG za kuigiza zipo sokoni, kwa hiyo bei ikikushangaza kwa udogo wake, iache.

Kwako wewe ningechagua Custom ya Seymour Duncan, ile SH-5. Ni ya seramiki, karibu kiloomu 14, besi yake haitawanyiki na juu inabaki wazi. Inatumia vifundo vya kiloomu 500 ambavyo huenda tayari unavyo, vikague kwanza. Pima pia umbali kutoka uzi wa kwanza hadi wa sita pale pikapu ya daraja inapokaa. Ukipata kama milimita 52 au 53, nunua toleo pana, TB-5. Pesa yote iweke kwenye pikapu ya daraja. Ya shingoni iache ilivyo kwa sasa, kwa ridhimu nzito hutaigusa mara nyingi.

Ule mluzi nao upime. Washa distosheni, kisha gonga pikapu taratibu kwa kalamu ya plastiki. Ukisikia mlio mkubwa wa kugonga kwenye spika, koili imelegea na haikuzamishwa vizuri kwenye nta, hivyo pikapu mpya itaumaliza mluzi. Kama shida ni mvumo wa umeme unaopungua ukishika nyuzi, hilo ni suala la ukingaji ndani ya gitaa: bandika foili ya shaba kwenye tundu la pikapu na uiunganishe na waya wa ardhi wa gitaa. Hakuna pikapu itakayokufanyia kazi hiyo.

Wakati wa kulehemu, fuata rangi za kampuni husika. Kwa Seymour Duncan, mweusi unaenda kwenye swichi, kijani na ule usio na ganda vinaenda ardhini, mwekundu na mweupe vinaunganishwa pamoja na kufungwa tepu. DiMarzio wana mpangilio mwingine, mwekundu ndio unaotoa sauti, kwa hiyo mchoro wa mmoja usiutumie kwa mwingine. Ukimaliza, bonyeza nyuzi kwenye freti ya mwisho na anzia na nafasi ya milimita 2.5 kati ya uzi na pikapu upande wa uzi mnene, 2 upande wa uzi mwembamba. Besi ikizidi, shusha upande wa uzi mnene robo mzunguko wa skrubu kwa wakati, huku ukipiga rifu yenu halisi kwa sauti ya mazoezini.