Kamera ijayo: maneno ya mtu aliyeisubiri

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Kaka, hela ya kununua kamera ya kitaalamu ninayo sasa hivi. Lakini nasikia kizazi kijacho kinakuja na mambo makubwa. Ninunue au nivute subira?"

Nilimwandikia jibu la mstari mmoja, nikalifuta. Nikaandika aya nzima, nikaifuta nayo. Swali lake limenigusa mahali ambapo bado pana kidonda, na najua si yeye peke yake anayelala na kuamka akiiwaza kamera ambayo haijaundwa. Wewe unayesoma hapa nakujua: una begi la lenzi, una kazi unazozitamani, na ukisikia fununu ya bodi mpya, yaani kamera yenyewe bila lenzi, usingizi unaruka. Nilikuwa hivyo. Kwa kiasi fulani bado niko hivyo.

Ilianzia jukwaani. Mwaka 2016 nilipewa kazi ya kupiga picha za onyesho la dansi. Kulikuwa na sehemu ndefu isiyo na muziki, wachezaji wakicheza ndani ya ukimya, na msimamizi alinionya kwamba akisikia mlio wa kamera hata mara moja, nitoke. Shata ndiyo inayoamua mwanga uingie kwa muda gani, na ya kawaida ni pazia linalofunguka na kufunga kwa mlio. Nikaweka shata ya kielektroniki, kimya kabisa. Nyuma ya wachezaji kulikuwa na skrini kubwa ya LED. Kwenye kioo kidogo cha kamera niliona picha nzuri. Nyumbani, kwenye kompyuta, nikakuta michirizi myeusi inaikata kila picha kutoka upande mmoja hadi mwingine, kama vile mtu amepitisha kidole chenye masizi. Mikono ya waliokuwa wakizunguka imepinda. Katika picha takriban 900, zilizofaa hazikufika 40.

Mteja hakugomba. Alinilipa nusu, akanishukuru, na msimu uliofuata akamwita mtu mwingine. Upole ule uliniuma kuliko matusi.

Ndipo nilipojifunza jambo ambalo mpaka leo namwambia kila anayeniuliza habari za kamera: uliza kihisi, kile kipande cha ndani kinachonasa mwanga, kinasomwa kwa kasi gani. Shata ya kielektroniki haina pazia. Kihisi chenyewe kinasoma picha mstari kwa mstari, na kwenye kamera nyingi za wakati ule safari hiyo ilichukua karibu sehemu moja ya ishirini au ya thelathini ya sekunde. Ndani ya muda huo taa ya LED imeshawaka na kuzima mara nyingi. Mistari iliyosomwa taa ikiwa imezima inatoka myeusi. Mchezaji naye hasimami kusubiri usomaji umfikie miguuni, ndiyo maana kiungo kinapinda. Na kuweka shata 1/1000 ya sekunde hakukuokoi, kwa sababu kasi hiyo ni ya kila mstari peke yake, si ya picha nzima.

Tangu hapo nikawa nafuatilia vihisi kama wengine wanavyofuatilia mpira. Mwaka 2017 Sony ikatoa A9, yenye kihisi cha tabaka: chini ya sehemu inayonasa mwanga wameweka kumbukumbu yake yenyewe, hivyo data inaondoka haraka sana. Fremu 20 kwa sekunde, na dirisha la kutazamia halizimiki hata kidogo. Siku hiyohiyo nikawaandikia wapiga picha wenzangu katika kundi letu kwamba shata ya pazia itaondolewa kwenye kamera za kitaalamu, na haitachukua miaka kumi. Walinicheka. Mmoja, mkubwa wangu kikazi, akaandika kwamba mimi nasoma karatasi badala ya kupiga picha. Neno hilo sijalisahau.

Oktoba 2021 Nikon ikatoa Z9. Megapikseli 45.7, video ya 8K, na ndani yake hamna shata ya pazia kabisa. Niliwarushia ujumbe wangu wa 2017 kama ulivyokuwa, bila kuongeza neno. Hakuna aliyejibu. Nilifurahi kupita kiasi, na furaha ile ndiyo iliyonigharimu, kwa sababu kuanzia siku ile nilijiona mtu anayejua yajayo.

Novemba 2023 Sony ikatangaza A9 III, kamera ya kwanza ya fremu kamili (kihisi chenye ukubwa wa filamu ya kawaida ya 35mm) yenye kihisi kinachosoma picha yote kwa mkupuo mmoja. Hakuna michirizi, hakuna kupinda, fremu 120 kwa sekunde, shata inayofika 1/80000 ya sekunde. Ilikuwa dawa halisi ya ugonjwa wangu wa 2016. Lakini lenzi zangu zote ni za Canon. Hesabu niliyopiga ilikuwa rahisi: Sony wameweza, Olimpiki ya Paris ni 2024, na kampuni hizi zina mazoea ya kutoa bodi zao kubwa Olimpiki ikikaribia, basi EOS R1, bodi kuu ya Canon tuliyokuwa tukiisubiri, itakuja na kihisi cha mkupuo. Sikuandika "huenda". Niliandika "itakuja".

Bodi yangu ya wakati huo ilikuwa imechoka. Fundi aliniambia shata imefika mwisho, niibadilishe. Nikakataa. Ya nini kutia hela kwenye kamera ninayoiacha baada ya miezi michache? R3 ya Canon ilikuwepo tangu 2021, nikaidharau. Machi 2024, seti ya nne ya fainali ya voliboli, shata ikakwama. Picha ya pointi ya mwisho sina. Mhariri aliyenituma alipokea maelezo yangu kwa neno moja, "Sawa," na tangu siku hiyo simu yake haijaingia tena.

Julai 2024 R1 ikatangazwa. Kihisi cha tabaka, megapikseli 24.2, fremu 40 kwa sekunde, fokasi iliyopigwa msasa kwa ajili ya michezo, voliboli ikiwemo. Kihisi cha mkupuo hakimo. Canon hawakuwa wameniahidi chochote. Ahadi nilijipa mwenyewe.

Nimekaa na jambo hilo muda mrefu. Kutabiri kwenyewe hakukuwa kosa. Kosa langu lilikuwa kuhesabu faida ya teknolojia bila kuuliza inalipiwa na nini. Ili kihisi kisomwe kwa mkupuo, kila pikseli lazima iitunze chaji yake mahali salama ikisubiri kutolewa, na mahali hapo panakula nafasi ambayo ingekusanya mwanga. Ndiyo maana A9 III inaanzia ISO 250 (ISO ni kipimo cha wepesi wa kamera kwa mwanga) wakati ndugu zake wanaanzia 100. Mtu wa michezo atailipa gharama hiyo bila kunung'unika. Mpiga picha wa mandhari, anayetaka kivuli cha bonde na mawingu yenye jua ndani ya fremu moja, hawezi. Ukilijua hilo unaelewa jinsi kampuni nyingine inavyoweza kuitazama teknolojia ileile na kusema, bado.

Kwa hiyo nikitabiri sasa natabiri kwa mizani. Kihisi cha mkupuo kitaenea kwenye bodi za michezo na habari pale ISO yake ya kuanzia itakaposhuka. Kwenye bodi za studio na mandhari kitachelewa sana. Kihisi cha tabaka nacho kitazidi kushuka kwenye bodi za kati. Nikon Z6III ya 2024 imeshaanza njia hiyo, ingawa tabaka lake ni la sehemu tu ya kihisi.

Megapikseli 100 kwenye bodi ya michezo usizisubiri. Anayetuma picha kutoka uwanjani mechi ikiendelea anataka faili jepesi. R1 tayari inaweza kuikuza picha ya megapikseli 24 ikawa ya 96 ndani ya kamera, kwa programu iliyofunzwa kwa picha nyingi, na nadhani wengine watafuata hapo. Gizani ni vilevile. Wengi wanasubiri ISO ya miujiza, lakini mwanga unafika kwa chembe, na penye giza chembe ni chache. Vihisi vya leo vinanasa sehemu kubwa ya zile zinazofika. Hakuna kiwanda kitakachokuongezea chembe ambazo hazikuja. Nafuu itatoka kwenye programu za kusafisha picha, na kwenye lenzi yenye tundu kubwa, ambayo unaweza kuwa nayo leo.

Kuna kunasa kabla ya kubonyeza. Kamera inazishika fremu za muda mfupi kabla kidole hakijashuka, kwa A9 III hadi sekunde nzima, kwa hiyo ukichelewa kuuona mpira ukigusa mkono, kamera haijachelewa. Hiki naamini kitakuwa kwenye kila bodi ya kitaalamu, kwa picha ghafi, yaani zisizochakatwa na kamera, bila masharti. Lakini fikiria mzigo wake: fremu 120 kwa sekunde, kwa sekunde 2 tu, ni picha 240 za mruko mmoja. Nani atazichambua usiku huo? Naona kizazi kijacho kikianza kuchambua chenyewe: macho yaliyofumba kando, fokasi iliyokosa kando, mpira uliotoka nje ya fremu kando, na mbele yako zinabaki kumi. Fokasi za leo tayari zinamtambua mtu, jicho lake na mpira. Kuchagua ni hatua moja mbele ya kutambua.

Na kuna lile ninalolitaka kuliko yote: saini. Oktoba 2023 Leica ilitoa M11-P, kamera ya kwanza inayoitia kila picha saini ya kidijitali palepale inaponaswa, ili anayeiona baadaye aweze kuhakikisha ilitoka kwenye kamera gani na kama imeguswa. Mwaka jana mtu aliniambia usoni kwamba picha yangu ya mchezaji aliye juu ya wavu imetengenezwa na kompyuta. Nilimwonyesha faili ghafi, halikumwambia kitu. Nilikuwa nimelala kifudifudi pembeni mwa uwanja saa mbili nzima kuipata ile picha. Bodi ya habari itakayotoka bila saini siku zijazo, mimi siinunui, hata ipige fremu 200.

Sasa sikilizeni, ndugu zangu. Fununu haina tarehe. Mwaka 1992 Canon iliweka kwenye kamera ya filamu, EOS 5, uwezo wa kuchagua fokasi kwa kutazama tu kwa jicho. Baadaye ukatoweka. Ulirudi kwenye R3 mwaka 2021. Sigma walitangaza mwaka 2018 kwamba wanatengeneza kamera ya fremu kamili yenye kihisi cha tabaka tatu za rangi, itoke 2020. Ikaahirishwa, na 2021 wakasema wanaanza upya. Kamera ya kwanza kabisa ya kidijitali, aliyoiunda Steven Sasson pale Kodak mwaka 1975, ilitumia sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kanda ya kaseti, na Kodak walifika 1991 ndipo wakaanza kuwauzia wapiga picha wa habari kamera ya kidijitali. Miaka 16 kutoka maabara hadi begani. Mtu aliyesubiri 1975 angekosa picha ngapi?

Uliza kihisi kinasomwa kwa kasi gani. Uliza kipengele kinalipiwa na nini. Kisha fungua kalenda yako na utazame kazi zilizoandikwa humo, zenye tarehe na majina ya watu wanaokungoja. Uvumi ufuatilie kwa raha yako, kama ninavyoufuatilia mimi, lakini usiupe ufunguo wa begi. Nakusihi kwa sababu nimelipa.

Agosti 2024 nilinunua R3 iliyotumika, ileile niliyoidharau. Kihisi chake kinasomwa haraka, na ina uwezo wa kuupima mpepeso wa taa za LED na kuipatanisha shata nao kwa vipimo vidogo mno. Kamera hii ingekuwa mikononi mwangu ile Machi, simu ya mhariri ingekuwa inaingia.

Msomaji wangu nilimuuliza swali moja: miezi sita ijayo una kazi gani? Amejibu leo asubuhi. Tamthilia, wiki tatu zijazo, kimya, skrini ya LED nyuma ya jukwaa. Nimemwambia akodi bodi yenye kihisi cha tabaka kabla ya kuinunua, aende nayo siku ya mazoezi, apige kwa dakika kumi shata ikiwa kimya, halafu azifungue picha kwenye kompyuta, si kwenye kioo cha kamera.