Je, mwanangu mwenye kipaji akitibiwa atakipoteza?

SWALI

Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Igoma hapa Mwanza na nauza dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba. Mwanangu wa pili ana miaka 16, yuko kidato cha tatu, na tangu darasa la nne walimu wamekuwa wakisema ana akili ya hesabu isiyo ya kawaida. Tangu muhula uliopita halali. Usiku anaandika hesabu kwa chaki nyuma ya mlango wa chumba chake hadi saa tisa, chakula anakigusagusa tu, ameacha kukaa na wenzake na anakasirika upesi. Mjomba wake alitazama pamoja nasi tamthilia ya The Queen's Gambit, na sasa anasema mtoto ni kama yule binti wa sataranji, kwamba wenye akili kubwa wote wako hivyo, na kwamba tukimpeleka hospitali watamzima. Ndiye aliyeleta vidonge vya kutuliza, vimefungwa kwenye kipande cha gazeti, akasema apewe kimoja kila usiku ili akili itulie na ifunguke. Amevinywa siku nne. Jaribio la hesabu lililofuata amepata 41, jambo ambalo halijawahi kutokea. Naomba kujua: ugonjwa wa mwanangu ndio ule wa binti yule? Na akitibiwa, atapoteza kipaji?

JIBU

Marahaba, mama. Vidonge hivyo visimame leo. Vilivyobaki usivitupe, bali vihifadhi mbali na watoto na uje navyo hospitali, kwa sababu kidonge kilichotolewa kwenye pakiti yake hakijulikani ni dawa gani wala kina nguvu kiasi gani, na atakayempima kijana atahitaji kujua alichomeza. Kama ni vya jamii ya diazepamu, kama ninavyodhani, kuviacha baada ya siku nne hakutamdhuru. Alama 41 nazo zisikutishe kana kwamba akili imeharibika. Dawa za jamii hiyo hupunguza kasi ya kufikiri na huzuia ubongo kuhifadhi mambo mapya, na diazepamu haiishi mwilini kwa usiku mmoja. Hivyo kijana aliyeimeza jana anaingia kwenye chumba cha mtihani huku bado inamfanyia kazi.

Sasa nije kwenye lile linaloniumiza. Tangu tamthilia hiyo yenye sehemu saba ilipotoka mwaka 2020 na watu kuanza kujaziwa kwenye flashi zao mitaani, nimekuwa nikipokea wazazi wanaofika na jina la ugonjwa tayari mdomoni. Mmoja ameamua kwamba Beth Harmon, binti wa hadithi ile, ana usonji kwa sababu hatazami watu usoni na haongei sana, na kwa kuwa mwanawe naye haongei sana, basi naye ana usonji. Mwingine ameamua ni kiwewe cha kumpoteza mama katika ajali ya gari, mwingine uraibu, mwingine vyote kwa pamoja. Kumjadili mhusika si kosa, maana hadithi iliyoandikwa vizuri hutufanya tutake kujua kilicho ndani ya mtu. Kosa huanza pale hukumu iliyotolewa juu ya mhusika inapohamishiwa kwa mtoto aliye hai, ambaye yuko chumba cha pili na hajaulizwa hata swali moja.

Mhusika wa tamthilia hana ugonjwa wa kupimwa. Ana dalili zile tu ambazo mwandishi alizihitaji ili hadithi isonge mbele, na zinaonekana pale zinapohitajika kisha zinatulia. Hakuna anayeweza kumpima damu, kuuliza kama katika ukoo wake kuna aliyewahi kuugua, wala kumuuliza mwalimu wake alikuwaje miaka mitatu iliyopita. Walter Tevis, aliyeandika riwaya ambayo tamthilia ilitolewa humo, iliyochapishwa mwaka 1983, alieleza kwamba utegemezi wa dawa wa binti yule ulitokana na maisha yake mwenyewe, kwa kuwa alipokuwa mtoto mgonjwa hospitalini alipewa dawa nzito za kutuliza. Aliandika, basi, juu ya kile ambacho dawa humfanyia mtoto. Watazamaji wengi wamegeuza jambo hilo wakalisoma kama maelezo ya jinsi kipaji kinavyozaliwa.

Naomba tuitazame hadithi yenyewe, kwa sababu mjomba ameitumia kama ushahidi. Binti yuko katika kituo cha kulea yatima, watoto wanagawiwa vidonge vya kijani, naye anaviweka akiba na kuvimeza usiku, kisha anaona kete za sataranji zikitembea darini. Picha hiyo ni nzuri, na ndiyo inayobaki kichwani mwa mtazamaji. Lakini kabla ya hapo na baada ya hapo anashuka chini ya jengo kwa mzee mfanya usafi wa kituo, anafungwa mchezo baada ya mchezo, anapewa kitabu cha mbinu za kuanzia mchezo na anakisoma usiku na mchana. Anapokunywa pombe usiku wa kuamkia pambano la Paris, anashindwa. Anapomshinda Borgov, mpinzani wake mkubwa kutoka Urusi, kule Moscow katika sehemu ya mwisho, hajameza kidonge chochote, na kete zinatembea darini vilevile. Aliyetazama hadi mwisho na bado akatoka na imani kwamba vidonge ndivyo vilivyomfungua akili, ameiacha hadithi mahali ilipoanza.

Nje ya hadithi, jambo hili limechunguzwa kwa miaka mingi. Mwaka 1973 wanasaikolojia wawili wa Marekani, William Chase na Herbert Simon, wakiendeleza kazi ya Mholanzi Adriaan de Groot, walimwonyesha bingwa na mchezaji anayeanza ubao wa sataranji kwa sekunde tano tu, kisha wakawataka wapange upya kete walizoziona. Kete zilipokuwa zimekaa kama katika mchezo wa kweli, bingwa alikumbuka kete nyingi mara kadhaa kuliko yule anayeanza. Kete zilipotawanywa ovyo, ubora huo ulitoweka. Maana yake ni kwamba bingwa hakuwa na kumbukumbu ya ajabu ya kila kitu, bali alikuwa amehifadhi kichwani maelfu ya mipangilio aliyoizoea kwa kucheza na kusoma muda mrefu. Hazina ya namna hiyo hujengwa kwa mazoezi na huimarishwa na usingizi, kwa sababu ni wakati wa kulala ndipo ubongo unapokaza yale uliyojifunza mchana. Kijana anayekesha hadi saa tisa kila usiku anabomoa kile anachojaribu kukijenga, na mzazi anayesema kukesha huko ni ishara ya kipaji anamsaidia kubomoa.

Ninajua nitaambiwa habari za Bobby Fischer, Mmarekani aliyekuwa bingwa wa dunia wa sataranji, ambaye hata yeye watu wengi wamempachika magonjwa bila kuwahi kukaa naye. Tunamkumbuka kwa sababu maisha yake yalikuwa na misukosuko, na misukosuko ndiyo inayosimuliwa. Judit Polgár wa Hungaria, aliyeivunja rekodi ya Fischer mwaka 1991 kwa kuwa bingwa mkuu akiwa na miaka 15, alilelewa nyumbani na wazazi waliomfundisha pamoja na dada zake, amekuwa mke na mama, na hajatengenezewa hadithi ya kilio. Hapa hapa ng'ambo ya ziwa letu, Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala, alikulia katika umaskini mkali na mwaka 2012 akapata cheo cha kimataifa cha sataranji. Umaskini ule ulimchelewesha tu. Kilichomfikisha ni mwalimu, Robert Katende, aliyekuwa na ubao, muda na uji wa kuwapa watoto. Kule California, Lewis Terman alianza mwaka 1921 kuwafuatilia watoto zaidi ya 1,500 wenye alama za juu sana katika vipimo vya akili, na hakukuta kwamba ni wagonjwa wa mwili au wa akili kuliko wenzao. Watoto wale walichaguliwa kwa namna iliyowapendelea waliotoka katika familia zenye uwezo, kwa hiyo siwezi kuutumia utafiti huo kudai kwamba akili humkinga mtu na ugonjwa. Ninachoweza kukuambia ni kwamba mtoto mwenye kipaji anaweza kuugua kama mtoto mwingine yeyote, na akiugua anastahili kutibiwa kama mtoto mwingine yeyote.

Kuhusu mwanao, mama, sitataja jina la ugonjwa kwa kusoma barua, hata barua iliyoandikwa kwa makini kama yako. Nitakuambia nitakachotaka kujua. Je, anakesha kwa sababu usingizi unamkataa huku amechoka, au anakesha akiwa na nguvu nyingi, akiongea haraka na kusema hahitaji kulala? Hali hizo mbili zinatupeleka njia tofauti kabisa. Ya kwanza inaweza kuwa sonona au wasiwasi, ya pili yaweza kuwa mwanzo wa baipola, yaani ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, na dawa ya mmoja huweza kumharibia mwingine. Hesabu za nyuma ya mlango, ukizipiga picha na kumwonyesha mwalimu wake, zinafuatana na zina jibu, au siku hizi zimeanza kuvurugika? Kuna aliyemtishia, kumwonea au kumdhalilisha shuleni? Anavuta chochote? Amewahi kusema kwamba hataki kuishi? Swali hilo la mwisho muulize wewe mwenyewe, kwa upole na waziwazi, kwa kuwa kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akisema ndiyo, au akianza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, usisubiri miadi, mlete siku hiyo hiyo.

Mwili nao upimwe. Huku kwetu kando ya ziwa mtoto anaweza kuishi na kichocho kwa miaka bila kujua, akapungukiwa damu, akachoka, akawa mkali na kushindwa kutulia darasani, na familia nzima ikawa inajadili usonji. Tezi ya koo ikizidisha kazi, mtu hukosa usingizi, hukonda na hukasirika upesi. Vipimo hivi ni vya kawaida. Anza na hospitali ya rufaa ya mkoa ya Sekou Toure, na ikibidi mtaelekezwa Bugando, ambako kuna idara ya magonjwa ya akili.

Je, matibabu yatamzima? Mara nyingi hatua ya kwanza kwa kijana wa umri huu ni mazungumzo, kurekebisha usingizi na kuzungumza na shule, bila dawa yoyote. Dawa zikihitajika, ni kweli kwamba baadhi huleta usingizi au uzito wa mawazo katika siku za mwanzo, na mzazi anayeliona hilo asikae kimya wala asiziache kimyakimya, bali arudi ili kipimo kipunguzwe au dawa ibadilishwe. Kipaji cha hesabu hakikai ndani ya ugonjwa kiasi kwamba ukiondoka kitaondoka nao. Ninaowaona wakipoteza miaka ya shule ni wale walioachwa bila tiba kwa sababu nyumbani walisifiwa kwa dalili zao.

Nawageukia sasa wengine wote mnaosoma, kwa sababu mjomba huyu hayuko peke yake. Kuna watu kwenye simu zenu wanaojiita wataalamu wa saikolojia, wanaowaomba mtume video ya mtoto ya dakika moja ili wawaambie ana ugonjwa gani, na wanatoza pesa. Hakuna mtaalamu mwenye taaluma yake anayefanya hivyo. Kuna wanaouza majaribio ya kupima akili yenye maswali kumi na cheti cha rangi. Kuna wanaouza mizizi ya kufungua ubongo kabla ya mtihani wa taifa, na wapo waliochanganya humo vidonge vilivyosagwa, ambavyo mzazi hawezi kuvitambua. Na kuna wauzaji wa maduka ya dawa wanaojua kabisa kwamba dawa za kutuliza hutolewa kwa cheti cha daktari tu, lakini wanazihesabu kimoja kimoja na kuzifunga kwenye gazeti kwa sababu aliyekuja ni mteja wao. Hao ndio ninaowalaumu kuliko mjomba, maana mjomba alidhani anasaidia.

Dawa hizi zikitumika kila siku kwa wiki kadhaa, mwili huzizoea na kudai zaidi. Kwa hiyo, tofauti na mwana wa mama huyu aliyetumia siku nne, yeyote ambaye amezitumia kila siku kwa wiki nyingi, awe mwanafunzi, awe bibi aliyeandikiwa zamani kwa ajili ya usingizi na hakurudi tena kliniki, asiziache ghafla baada ya kusoma majibu haya. Kuziacha kwa mara moja kunaweza kuleta kutetemeka, kukosa usingizi kabisa, kuchanganyikiwa na hata degedege. Aende na vidonge vyake mkononi, aseme ukweli wa idadi anayomeza kwa siku, na apunguziwe kidogo kidogo chini ya uangalizi wa daktari. Na kama amezoea kuzimeza pamoja na pombe, aseme na hilo, kwa kuwa viwili hivyo vikikutana huweza kuzuia pumzi mtu akiwa usingizini.