Moto wa njano na nozeli iliyotoka Uingereza

Wiki iliyopita mhariri alituuliza: moto wa jiko la gesi ukigeuka njano, unaanzia wapi kabla ya kumwita fundi? Kwangu Kikwajuni, mjini Unguja, ambako jiko la pleti nne lenye oveni linawaka tangu alfajiri, huanza kwa kuipindua sufuria nikatazama chini yake. Njano zipo mbili. Ya kwanza ni ya chumvi, iliyoletwa na hewa ya bahari au na maji ya wali yaliyofurika, ambayo ikiungua hutia moto rangi ya chungwa na kupita, na sufuria hubaki safi. Ya pili hutokea gesi inapokosa hewa ya kutosha: moto huwa mrefu, mlegevu, na hupaka masizi. Hii ndiyo ya kushughulikiwa haraka, na madirisha yawe wazi, kwa kuwa moto wa namna hiyo hutoa pia kaboni monoksaidi, sumu isiyo na harufu wala rangi.

Kwangu mimi mkosaji wa kwanza huwa ni tui. Mchuzi wa pweza ukifurika, tui huingia katika vitundu vya kichomeo na kukauka likawa ganda la hudhurungi lililoshika kama gundi. Hufunga mtungi, nikangoja chuma kipoe, nikaviroweka kifuniko na pete yake kwa nusu saa katika maji ya moto yenye sabuni ya vyombo, kisha nikasugua kwa mswaki mkuukuu. Kitundu kilichoziba kabisa hukizibua kwa njiti ya chelewa. Kila kitu kikauke barabara kabla ya kurudishwa, maana palipo na maji cheche ya kuwashia haishiki.

Hata hivyo, jiko langu ni la mtumba, lilishuka na kontena kutoka Uingereza, na kwa miezi mingi nilisafisha Ijumaa masizi yakarudi Jumatatu. Nikadhani nozeli imeziba, yaani kile kiskurubu cha shaba chenye tundu la kutolea gesi, kilicho chini ya kichomeo, nikaichokoa kwa sindano ya cherehani. Nakiri kuwa hapo niliharibu zaidi: shaba ni laini, tundu likapanuka, na moto ukazidi urefu. Fundi alipokuja alizifungua zote, akaniwekea kiganjani moja yangu na moja mpya, na tofauti ikaonekana kwa macho. Nyumba nyingi za Uingereza hupikia gesi asilia inayofika kwa bomba, kwa mgandamizo wa kiasi cha milibari 20 tu, kwa hiyo tundu hutobolewa kubwa. Gesi yetu ya mtungi, yenye propani na butani, hutoa joto zaidi ya mara mbili kwa ujazo uleule, tena regyuleta, kile kifaa cha kwenye mtungi kinachopunguza mgandamizo, huitoa kwa takriban milibari 30. Kwenye tundu lile hutoka nyingi mno kuliko hewa inayovutwa pamoja nayo, na hapo hata ukisugua mpaka vidole vichubuke, njano haiondoki. Zilibadilishwa zote, pamoja na ya oveni, na jioni ile moto ulikuwa wa buluu.

Oveni ilikuwa na kero yake nyingine: inawaka, ukiachia kitufe inazimika, na mkate wa kumimina umeshaumuka unasubiri. Hapo mara nyingi tatizo ni ile ncha ndogo ya chuma inayohisi joto la moto na kuiacha gesi ipite. Huipangusa masizi kwa msasa laini nikahakikisha moto unaigusa, kisha nikabana kitufe kwa sekunde kama 15. Isipokubali, ibadilishwe.

Kila baada ya kuufungua mpira wa gesi na kuurudisha, hupaka povu la sabuni kwenye maungio na kutazama kama linatoa mapovu, nikianzia kwenye regyuleta. Fundi mmoja alitaka kunijaribia kwa kiberiti. Nilimsimamisha mlangoni mpaka sabuni ilipopatikana.