Maneno ya Kiingereza Yasiyo na Kazi

Mwanangu mpendwa,

Salaam nyingi. Barua yako nimeipata na swali lako nimelielewa: nafaidi nini kukusanya maneno ya Kiingereza ambayo hata Waingereza wenyewe wakiyasikia hushangaa, na kama hayo si majivuno, basi ni nini? Faida ya fedha hakuna, wala sijasikia mtu aliyepandishwa cheo kwa ajili yake. Ni raha. Ila raha nayo ina sababu zake.

Chukua neno “mumpsimus”. Mwaka 1516 mwanazuoni Erasmus alisimulia katika barua kisa cha padri aliyejua Kilatini cha kubabaisha. Katika sala ya baada ya komunyo alipaswa kutamka “sumpsimus”, yaani “tulichopokea”. Yeye akasema “mumpsimus”, ambalo kwa Kilatini halina maana yoyote. Aliposahihishwa, akakataa katakata: ndivyo alivyosali miaka yote, na “mumpsimus” yake ya zamani hataiacha kwa sababu ya “sumpsimus” ya watu wapya. Kisa kikavuma hadi mwaka 1545 Mfalme Henry VIII, akilihutubia Bunge la Uingereza, akawakemea makasisi waliong'ang'ania “mumpsimus” yao pamoja na wale waliopapatikia “sumpsimus” mpya. Ndivyo Kiingereza kilivyopata jina la mtu aliyekwisha kuonyeshwa kosa lake na bado harudi nyuma. Na kosa lenyewe nalo likaitwa hivyohivyo. Niambie, humjui mtu wa namna hiyo? Mimi nawajua kadhaa. Ukisema ni wabishi hujawapata sawasawa, maana mbishi hubishana. Huyu habishani na mtu, anaendelea tu.

Raha iko hapo. Jambo umeliona maisha yako yote bila kulitilia maanani, kisha unakuta kwamba zamani sana kuna mtu alilitazama vizuri zaidi yako, akalibandika jina. Tangu siku hiyo unaliona kila mahali.

Pengine raha ni ya kinyume: unakuta neno lililowafia wenzetu ambalo sisi tunalo mdomoni kila siku. Katika Biblia ya Kiingereza aliyoichapisha Coverdale mwaka 1535, kwenye kitabu cha Tobiti, limo neno “overmorrow”. Maana yake ni keshokutwa, basi. Kiingereza kikaliacha lipotee, na leo wanaunga maneno manne kuitaja siku hiyo. Nilipolikuta nilicheka peke yangu. Wenzetu wamepoteza keshokutwa, sisi tunayo, na baada yake tuna mtondo, na baada ya mtondo tuna mtondogoo! Lakini kicheko kilinikatika nilipojiuliza ni lini mara ya mwisho nilimsikia kijana akitaja mtondogoo. Wewe umewahi kulitumia?

Kuna mengine ambayo nina shaka kama yaliwahi kuishi. “Apricity” limo katika kamusi ya Henry Cockeram ya mwaka 1623: joto la jua wakati wa baridi. Neno zuri mno, na jambo lenyewe ni la kweli, ila nje ya kamusi halionekani kuwahi kupata watumiaji. Zama zile wasomi wa Kiingereza walikuwa wakizoa maneno ya Kilatini na Kigiriki kwa magunia, na wapinzani wao wakayabeza kuwa ni maneno ya kidau cha wino, yaani ya kwenye karatasi tu. Sir John Cheke alichukia mikopo hiyo hata akajaribu kutafsiri Injili ya Mathayo kwa maneno ya Kiingereza cha asili, na akida wa askari mia akamwita kwa neno linalotokana na “mia”. Halikushika. (Ugomvi huo hata sisi tunaujua. Uliza watu watatu kama waseme kompyuta, tarakilishi au ngamizi, ukae pembeni usikilize.)

Yale marefu ya kuonyeshea watu ubingwa wa kumbukumbu sina haja nayo. “Floccinaucinihilipilification” lina herufi 29, maana yake ni kukiona kitu hakina thamani, na limeundwa kwa mzaha kwa kuunganisha maneno manne ya Kilatini yenye maana ya kitu duni. Unacheka mara moja, yamekwisha.

Sasa majivuno. Hapo umenigusa, kwa sababu wapo wanaoyatumia kama fimbo. Ukimtupia mtu neno unalojua kwamba halijui, na unaona anavyohangaika kuitikia, hujampa kitu, umemnyang'anya. Kwa hiyo usiyapeleke kwenye barua ya kuomba kazi wala kwenye ripoti. Mimi huyasoma zaidi kuliko kuyasema, na nikiyasema huwa ni kwa mtu ninayejua atafurahi nami.

Halafu uwe macho na orodha za “maneno adimu” zinazozunguka mtandaoni, nyingi hazina chujio. Hata kamusi kubwa huingiliwa. Kamusi ya Webster ya mwaka 1934 ilichapwa ikiwa na neno “dord”, maana yake eti densiti. Kilichotokea ni kwamba karatasi moja ya ofisini iliandikwa “D or d”, yaani densiti hufupishwa kwa D kubwa au d ndogo. Mtu akaisoma kama neno moja, likapewa hata matamshi yake, likapangwa katika safu pamoja na maneno halali. Mwaka 1939 mhariri mmoja akagundua kuwa halina maelezo ya asili yake, likaanza kuchunguzwa, likaumbuka. Kwa hiyo ukikutana na neno geni, tafuta kamusi inayotaja mwaka na mtu aliyelitumia.

Umeniuliza pia kama “groak” ni neno la kweli au umedanganywa. Ni la kweli, limetokea Uskoti: kumkodolea macho mtu anayekula, kimya, ukitumaini atakukaribisha. Usilitafsiri kuwa ni kudoea. Mdoezi hufika, huketi, hula. Huyu wa “groak” hajathubutu hata kusogeza kiti.

Wako akupendaye,
Baba