Zaburi ya 127: mishale, podo na lango

SWALI: Zaburi ya 127 inaita watoto urithi wa Bwana na kuwafananisha na mishale. Je, asiyejaliwa mtoto amenyimwa baraka?

JIBU: Hapana. Soma aya ya 3 hadi ya 5 pamoja, usiishie kwenye neno "mishale". Aya ya 5 inataja podo, yaani mfuko wa mishale, kisha lango, na lango la mji ndiko wazee walikoketi kuamua kesi. Boazi alimalizia hapo shauri la kumwoa Ruthu, mjane (Ruthu 4). Mwenye wana waliokwisha kukua hakuonewa kirahisi hapo langoni. Zaburi ya 128 inawaita watoto miche ya mizeituni kuzunguka meza: mzeituni mkongwe huchipua machipukizi shinani, pande zote.

Kosa, tena la kawaida mno, ni kugeuza sifa hiyo kuwa kipimo: mwenye watoto kabarikiwa, asiye nao ana dhambi. Luka 1:6-7 inawataja Zakaria na Elisabeti kuwa wenye haki, kisha papo hapo inasema hawakuwa na mtoto. Isaya 56:4-5 inaahidi matowashi (wanaume waliohasiwa) washikao agano jina lililo bora kuliko wana na binti.

Ukihubiri zaburi hiyo, soma na Isaya.