Picha zinapakuliwa lakini hazifunguki

SWALI: Skripti yangu ya Python inasoma anwani 300 za picha kwenye faili la maandishi na kupakua kila moja kwa curl, programu ya kupakua kwa amri, kwa mstari huu:

os.system("curl -o " + jina + " " + url)

Inamaliza upesi sana, os.system inarudisha 0 (yaani hakuna kosa) kila mara, ila picha nyingi hazifunguki. Anwani zenyewe ni za aina hii: https://example.com/picha?id=7&w=1200. Nikiibandika kwenye kivinjari, picha inatokea vizuri. Tatizo ni nini?

JIBU: Kabla hujagusa msimbo, kagua ulichopakua. Kwenye terminali, andika file 7.jpg. Ukijibiwa HTML document, ulichonacho ni ukurasa wa kosa uliopewa jina la picha. JPEG halisi huanza na baiti FF D8 FF.

Chanzo ni ile alama ya & iliyo ndani ya anwani. Kwa sheli, yaani programu ambayo os.system huipa amri yako iisome na kuiendesha, maana yake ni "endesha amri hii pembeni, usiisubiri". Basi anwani yako inakatwa hapo hapo: curl inapewa kipande kinachoishia id=7, na w=1200 iliyobaki inasomwa kama amri halali ya kuipa w thamani ya 1200. Amri hiyo haina cha kushindwa, ndiyo maana unaona 0. Na kwa kuwa curl zote zimesukumwa pembeni, mzunguko hausubiri hata moja, na seva inavamiwa na maombi mengi kwa mpigo.

Kuizungushia url alama za nukuu hakutoshi. Anwani yenye nukuu ndani yake itaivunja tena, na iliyotegwa kwa makusudi yaweza kuendesha amri yoyote kwenye mashine yako. Hili ni la hatari kweli, hasa kama orodha umeitoa kwa mtu mwingine. Iondoe sheli kabisa:

subprocess.run(["curl", "-fL", "-o", jina, url.strip()], check=True)

Hapa url inafika kwa curl nzima kama ilivyo. strip() inaondoa alama ya mwisho wa mstari, pamoja na ile \r isiyoonekana inayoachwa na faili za Windows. Kwa -f, curl inatoka na namba 22 seva ikijibu 404 (haipo) au 403 (umekatazwa), haihifadhi ukurasa wa kosa. -L inaifuata picha iliyohamishwa. check=True inasimamisha skripti kwenye anwani yenye kasoro.

Kama 403 itabaki ilhali kivinjari kinafungua, huenda seva inakagua umetokea ukurasa gani. Ongeza "-e" na anwani ya ukurasa wenye picha hiyo.